Kabati la Verna Fetterolf

Verna Fetterolf ana miaka sitini na minane na sijawahi kumsikia akiomba radhi kwa mtu. Miaka kumi na tisa tumesimama meza moja, yeye na mimi, kibandani nyuma ya nyumba yake, tukiwakatia watu kulungu wao kila msimu wa kuwinda. Yeye anachuna, mimi nafunga nyama kwa karatasi na kuandika majina. Huku kazi ikiendelea anatukana visu butu, anatukana wanaopiga mnyama tumboni, anaitukana na redio. Zamani alikuwa dereva wa basi la shule. Watoto aliowafokea siku zile wana mvi sasa, na bado wakimwona dukani wananyoosha mgongo.

Ana bunduki saba. Nalisema hili mapema, asije mtu akadhani nasimulia habari za mwanamke anayezichukia bunduki. Kofia yake ya chungwa ya kuwindia ilikuwa na pini ya Ngao ya Taifa, kile chama kikubwa cha kutetea wenye bunduki, aliyopewa alipotimiza miaka ishirini na mitano ya uanachama. Barua za Ngao zilimfikia kila wiki, zenye herufi nyekundu, na kila wiki aliwashia jiko la kuni.

"Hawa wananiambia serikali inakuja kuchukua bunduki zangu kabla ya Krismasi," aliwahi kuniambia akisukumiza bahasha motoni. "Mwaka wa thelathini huu nawangoja hao wachukuaji. Wamepotea njia au?"

"Sasa mbona hujitoi?"

"Na uwanja wetu alituokolea nani? Wewe?"

Miaka sita nyuma, watu wa mjini walijenga nyumba zao juu ya kilima, kisha wakaenda mahakamani kulalamika kwamba uwanja wetu wa shabaha una kelele. Uwanja uliokuwapo kabla wazazi wao hawajazaliwa! Ngao ilileta mawakili watatu, tukashinda, na tangu siku hiyo bima ya uwanja inapitia kwao. Bila bima hakuna uwanja, na bila uwanja klabu yetu ya wawindaji ni chumba chenye birika la kahawa. Kwa hiyo tuliwashukuru, tukawachoma jikoni, tukawashukuru tena. Mtu akishakutoa shimoni, unamvumilia mengi.

Kabati lilikuwa jambo la Verna. Kaka yake Harlan alikuwa na ng'ombe wa maziwa, na mwaka madeni yalipomlazimu kuwauza wote kwa mnada, sisi wa klabu tulikwenda kula naye. Tulikula, tukaongea habari za ng'ombe, mvua na bei ya mahindi. Bunduki zilikuwa zimepangwa ukutani mbele ya macho yetu, na hakuna aliyefungua mdomo kuzitaja, maana kwetu huulizi bunduki ya mtu. Siku ya tatu tulimzika Harlan, kajipiga risasi kwa moja ya hizo.

Baada ya mazishi Verna alinunua kabati la chuma la kufungia bunduki, akaliweka chumba cha nyuma cha klabu, na tangu hapo akawa na desturi yake. Mtu akifiwa, akiachwa na mke, au akifilisika, Verna anagonga mlango akiwa na sufuria ya pai ya kuku. Wanakula kwanza. Kisha anasema, "Zikae kwetu mpaka theluji iyeyuke." Wengine walimfukuza, akaenda zake bila kinyongo. Wengi walimsaidia kupakia. Na siku mwenyewe akizitaka, anakwenda kwa Verna, anakula tena sahani moja mezani pake, anapewa ufunguo. Haulizwi kitu. Miaka minane, na hatujamzika mwingine wa namna ile.

Vuli iliyopita gazeti la wilaya likaandika habari za kabati na kulisifu. Wiki haikuisha, barua ikaja kutoka Ngao. Safari hii haikuwa na herufi nyekundu. Ilisema kabati hilo ni hatua ya kwanza ya kuwanyang'anya raia silaha, kwamba maadui watalifanya mfano wa sheria, na kwamba liondoke kabla ya Jumamosi ya kufungua msimu, au bima iondoke.

Jumapili walimtuma mtu wao, Trent Ashby, kijana wa buti mpya zisizojua tope. Tulikuwa watu thelathini na tatu ukumbini. Mwenyekiti wetu, Marlin Hockenberry, fundi wa matrekta, alimkaribisha huku akitazama sakafu.

"Ndugu zangu," alianza Trent, "hakuna anayetilia shaka nia yenu njema. Ila bunduki isiyo mikononi mwa mwenyewe ni bunduki iliyochukuliwa."

"Nani kachukua?" Verna alikuwa ameshasimama. "Mtu kaileta mwenyewe, na akiitaka nampa saa hiyo hiyo. Miaka thelathini mnanitisha kwamba serikali inakuja. Haijaja. Anayekuja leo kuniambia bunduki zetu tuziweke wapi ni wewe!"

Watu walicheka. Trent hakucheka.

"Mama, naelewa uchungu wako..."

"Usiniite mama. Wanangu wana adabu."

"Tunazungumzia haki ya taifa zima."

"Na mimi nazungumzia Wendell Klinger, aliyemzika mkewe wiki tano zilizopita na bunduki zake nne ziko nyuma ya mlango ule. Umekuja kutoka kote huko, hata jina lake hulijui. Kampelekee wewe! Gonga mlango, umwambie haki zake hizi hapa!"

Trent alitazama karatasi zake. Nilimwonea aibu, kisha nikakasirika kwa kumwonea aibu. Verna akamgeukia mwenyekiti.

"Marlin, nilikupandisha basi huna meno ya mbele. Sema kitu."

"Verna, bila bima tunafunga," Marlin alisema taratibu. "Tutafanyaje? Wanaotaka kabati liondoke wanyooshe mikono." Na mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wake.

Mikono kumi na tisa dhidi ya kumi na minne. Wa kwangu ulikuwa kati ya kumi na minne, lakini sijisifu, maana uliinuka polepole. Watu waliokuwa wakila pai za Verna, waliozika ndugu zao wakapikiwa naye, walinyoosha mikono bila kumtazama usoni. Woga wa kupoteza uwanja! Ngao ilikuwa imetufundisha kuogopa miaka yote hiyo, na siku hiyo tulionyesha tumefuzu.

Verna alichomoa pini kwenye kofia, akaiweka mbele ya Trent. "Uwanja mlituokolea, ahsante. Kwa hilo mnanidai heshima. Wendell hamnidai." Kadi ya uanachama wa Ngao hakuirudisha, kwa kuwa bila kadi hata uwanjani huingii, na yeye anapenda kulenga shabaha kuliko kitu chochote. Hilo nalo lilimkasirisha. Njia nzima alilitukana gari.

Siku mbili kabla ya msimu kufunguliwa tulipakia bunduki za watu watatu kwenye pikapu yake. Tulianza kwa Wendell. Alifungua mlango akiwa na kandambili na sweta ya marehemu mkewe, akaona tulichobeba, akarudi nyuma hatua mbili.

"Msiniletee hizo."

"Klabu imepiga kura," Verna alisema. "Zinarudi kwa wenyewe. Mimi ni mtu wa kufuata kura."

"Verna, tafadhali. Sizitaki humu ndani."

"Wendell, kabla hujalia, shika hii. Vuta komeo."

Wendell aliishika bunduki ya babake, mkono ukaenda wenyewe kwenye komeo, kile chuma unachovuta nyuma ili risasi iingie. Mkono ulishika hewa. Akachungulia, akaona tundu tupu.

"Zote nne ziko hivyo," Verna alisema. "Ile ya zamani ilinitesa, nimehangaika nayo na bisibisi asubuhi nzima. Hizi ni fimbo tu sasa. Barua ilisema bunduki zirudi, na hizo hapo zimerudi. Vyuma vyake viko kwangu. Ukitaka nikuachie, nakuachia sasa hivi, ni mali yako. Useme wewe."

Wendell alikaa kwenye kiti cha kibarazani. Alicheka kidogo, kisha akalia kweli, bunduki mapajani.

"Kaa navyo," alisema.

Wale wengine wawili walisema vilevile. Verna alivipaka vyuma grisi, akavifunga kwa karatasi ya nyama, nami nikaandika majina, tukaviweka chini kabisa kwenye friza, chini ya soseji za kulungu. Bima ilibaki, Ngao ikaandika kutupongeza, na ile barua Verna hakuichoma. Aliichanachana kwanza, ndipo akaichoma.

Machi theluji ilianza kuyeyuka, na Wendell akaja kuchukua vyuma vyake. Tulikuwa mezani, yeye anamalizia sahani yake, mlango ukagongwa. Alikuwa Marlin Hockenberry. Hakuwa amenyoa ndevu, na kiganjani alishika soksi moja ya sufi, nzito, imefungwa fundo.

"Darlene ameondoka," alisema, maana yake mkewe. "Kachukua na mbwa."

Aliinua ile soksi kidogo, vyuma vikagongana ndani.

"Nimevitoa mwenyewe. Viko vitatu." "Verna, najua nilichofanya."

"Wa kwanza," Verna alisema. "Mkono wako ulikuwa wa kwanza kabisa."

"Najua."

"Kabati zima la chuma lipo kibandani kwangu linafuga buibui, na wewe mwenyekiti unatembea na soksi!" Uso wake ulikuwa mwekundu. Nilidhani atamfungia mlango, na ningemwelewa.

Alimpokonya soksi, akanitupia niiandike jina. Wendell alimsukumia kiti cha jirani kwa mguu. Verna alikuwa ameshageukia jiko, anapakua, mwiko ukigonga sahani kwa hasira.

"Ukivitaka, njoo mwenyewe, sitakuuliza kitu," alisema. "Sasa vua hayo matope, ukae, ule."