Mlinzi Aliyebadili "Mimi"

Bi Minobe Hatsue aliandika mchezo wetu wa kwanza wa kompyuta akiwa na miaka thelathini na tisa. Sasa ana hamsini na minane, na mchezo wa pili ni wake pia. Kila mhusika anayerudi humwandika baada ya kupitia daftari langu, maana kazi yangu hapa Osaka ni kuweka kumbukumbu ya namna kila mmoja anavyosema. Doga peke yake hakumtafuta humo. "Doga namjua kuliko ninavyomjua mume wangu," alisema.

Doga ni mlinzi wa lango aliyemlea binti yatima. Mchezo wa pili unamkuta binti huyo akiwa malkia.

Jumanne asubuhi tulikuwa chumba cha kurekodia, tukisikiliza sentensi zote za Doga zilizorekodiwa jana yake sisi wawili tusipokuwepo. Nyuma ya kioo alikaa Bwana Kanemaru, mzee wa miaka sabini na minne, sauti ya Doga tangu mwanzo. Alhamisi angepasuliwa koo, na daktari hakumwahidi kwamba sauti ingerudi.

Kwenye sentensi ya tisa Bi Minobe alinishika mkono. 

"Umesikia? Doga anajiita watashi!"

Kwetu "mimi" ziko nyingi. Doga wa zamani alisema ore, mimi ya mwanamume asiyemnyenyekea mtu. Watashi ni mimi ya adabu. Miezi minane Bi Minobe alikuwa akimuuguza mama yake, akisema na madaktari kwa upole kutwa nzima. Lugha ya wodini ilikuwa imemwingia Doga kinywani.

"Sentensi mia na kumi na mbili," alininong'oneza. "Wachezaji watasema huyu si Doga, ni mgeni aliyevaa nguo zake."

"Sema sasa hivi," nikamwambia.

"Nikisema, namaliza koo la mzee wa watu. Nisiposema, nimemmaliza Doga."

Isozaki, msimamizi wa kurekodi, aligeuka. "Bi Minobe, mbona umekauka kama dagaa?"

Alisimama akasema. Sauti ilikuwa ndogo mno, Isozaki akamtaka arudie. Nyuma ya kioo mzee aliangua kicheko.

"Kumbe! Nami nikadhani Doga kazeeka akapata adabu. Haya, nirudishieni ore yangu."

Akaanza upya. Kila alipokohoa, Bi Minobe alishtuka. Sentensi ya thelathini na nne, Doga akiwa mlangoni mwa ikulu, sauti ilikatika. Mzee alikunywa maji ya moto, akajaribu tena. Ikatoka pumzi tupu.

"Basi," Isozaki akasema. "Zilizobaki zibaki zilivyorekodiwa jana."

Yaani ore hadi mlangoni, kisha watashi mbele ya malkia mpaka mwisho. Bi Minobe aliukodolea macho mswada. Kisha akaandika mstari mmoja nyuma ya karatasi, akampelekea mzee.

"Huu tu, Bwana Kanemaru, uingie pale mlangoni. Ukikushinda, lawama ni zangu."

Mzee aliusoma mara mbili. Halafu, kwa sauti ya mchanga juu ya bati:

"Binti, tangu uvae taji hilo, sijui tena nijiite nani mbele yako."

 Isozaki alinyoosha kidole kwenye kitufe cha rekodi atusikilizishe.

"Usiipige," Bi Minobe akasema. Alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Tafadhali. Kama haikuingia vizuri, sitaki kujua mzee akiwa bado yupo hapa, nisije nikamwomba arudie."