Pua ya Ngo Bikoi

Miaka thelathini na moja, mchuzi mweusi wa sikukuu ya mavuno pale kanisani kwao, nje kidogo ya mji wa Eséka, Kameruni, ulipikwa na Ngo Bikoi. Hakuna mwanamke aliyethubutu kugusa chungu chake. Lakini mvua za mwaka huo zilimletea mafua mabaya, na mafua yalipoondoka yaliondoka na harufu zote. Akanusa mawese, hakuna kitu. Akanusa samaki wa kukaushwa, hakuna kitu. Hakumwambia mtu, maana angefungua mdomo tu, chungu kingehamia kwa mwingine.

Na mbongo, matunda ya porini yanayoutia mchuzi huo weusi, huchomwa kwa pua, si kwa macho. Yakiwa juu ya makaa, yote ni meusi. Ukiyatoa mapema, mchuzi unakuwa kama maji ya kuoshea sufuria. Ukichelewa, waumini wanakula majivu.

Jumamosi asubuhi akamwita Ngo Mayi, mke wa mwanawe.

"Chuchumaa hapa. Leo nakupima. Yananukaje?"

"Kama kuni, Mama."

"Kuni! Hata mbuzi anajua hilo. Endelea."

Makaa yakalia. "Sasa yananukia utamu, Mama."

"Utamu ukianza kuwa uchungu, sema."

"Kwani wewe husikii?"

"Anayepimwa nani, mimi au wewe?"

Ngo Mayi akasogeza pua karibu na makaa. Juzi alimwona mama mkwe wake akila samaki aliyechacha bila kukunja uso.

"Toa, Mama. Sasa hivi!"

Ngo Bikoi akayatoa kwa vidole vitupu, akayasaga jiweni mpaka yakawa laini kama poda.

Jumapili, nyimbo zilipokwisha, watu wakala kambare wa mchuzi mweusi kwa mikate ya muhogo. Bayiha, mzee wa kanisa, akalamba vidole.

"Ngo Bikoi, mwaka huu umejishinda! Pua hiyo Mungu asiichukue!"

Watu wakacheka. Ngo Bikoi angeitikia amina tu, yangeisha. Lakini Ngo Mayi alikuwa ameinamia sahani yake, hasemi neno, na kimya kile kilimchoma mama mkwe kuliko makaa ya jana.

"Ameshaichukua," akasema. "Tangu mvua. Pua ni ya mke wa mwanangu. Mkono ndio wangu."

Ngo Njock, aliyekimezea mate chungu kile miaka yote, akadakia: "Basi mwakani apike nani?"

"Sisi wawili. Na wewe kula, chakula kinapoa."