Msichana Aliyenikazia Macho

Nina tabia moja ambayo mama yangu aliilaani tangu nikiwa mdogo: kupekua yasiyonihusu. Nilikuwa nikiuliza kwa nini jirani anafunga dirisha mchana, kwa nini muuza samaki anavaa saa mbili, na mama akinijibu kuwa msichana anayeuliza sana huota ndevu. Ndevu hazikuota. Nikawa mwalimu.

Shule ninayosomesha iko nje kidogo ya mji wa Malindi, kando ya barabara kuu ya lami, na nusu ya wanafunzi hutoka ng'ambo ya pili, kwenye mashamba ya mihogo na minazi. Mwalimu mkuu alipogawa majukumu, mpenda mpira alipewa mpira, mpenda kuimba akapewa kwaya, nami mpenda maswali nikapewa afya na usalama wa watoto. Nilikabidhiwa sanduku la huduma ya kwanza lenye bendeji mbili na mkasi usiokata, pamoja na firimbi ya barabarani. Kila asubuhi nilisimama ukingoni mwa lami na firimbi yangu. Ikilia mara moja, kila mtoto asimame alipo. Ikilia mara mbili, wavuke.

Watoto walilishika somo hilo kwa siku mbili, wote isipokuwa mmoja. Alikuwa msichana wa darasa langu, gredi ya nne, mwembamba, na begi lililomzidi mabega. Hakuwa msemaji, na machache aliyoyasema yalitoka mazito, kama ya mtoto mdogo kuliko yeye. Asubuhi moja nilipuliza mara moja, wenzake wote wakaganda, yeye akaingia barabarani kwa mwendo wake uleule. Bodaboda iliyobeba ndizi ikapinda, ikamkosa chupuchupu. Dereva alitoa matusi ambayo siwezi kuyaandika, na siku ile sikumlaumu.

Nilimshika mkono nikamvuta kando. "Kwani wewe una nini? Hukusikia firimbi?"

Aliuinua uso wake akanikazia macho, tena si machoni, ni hapa mdomoni, bila kupepesa.

Mimi nimelelewa hivi: mkubwa akisema nawe, unateremsha macho. Ukimkazia, wewe una macho makavu, na mwenye macho makavu hana haya, na asiye na haya watu humuulizia mamake. Wenzetu wa mashambani, Wagiriama kwa wingi, wanawalea wao vivyo hivyo. Kanisani na msikitini tunatofautiana mengi, lakini kwa hili la macho ya mtoto sote ni kitu kimoja. Kwa hiyo nilipoona jicho lile limenitulia mdomoni, hasira ya bodaboda ikapata pa kutua.

"Teremsha macho mtu mzima anaposema nawe!" Nikakiinamisha kichwa chake kwa mkono wangu. Kisha nikamtolea wosia mrefu juu ya magari, mauti na wazazi wanaolia. Nikauhutubia utosi wake. Nilipomaliza nikamuuliza kama amenielewa, naye akakaa kimya, nami nikasema moyoni kwamba kiburi cha namna hii sijapata kukiona.

Wiki iliyofuata akarudia, mara hii mbele ya tuktuk. Mwalimu mkuu aliliona tukio lenyewe kutoka langoni, akaniita ofisini.

"Akikaidi tena, nampa barua ya kuhama," alisema. "Sikai hapa kungoja siku ya kumwita mamake aje kumtambua chini ya gurudumu."

"Na huko atakakohamia hakuna barabara?" niliuliza.

"Huko hatakuwa wangu."

Nilikasirika, lakini nilimwelewa. Mtu anayelala na majina ya watoto mia kadhaa kichwani ana haki ya kuogopa. Nikamwomba anipe muda, naye akanipa mpaka mwisho wa muhula.

Sasa, darasani msichana huyu alikuwa fumbo jingine. Mimi husomesha Kiswahili, na kila Ijumaa tuna imla: mimi nasoma maneno kumi, wao wanaandika. Yeye alipata sifuri kila Ijumaa. Si sifuri ya mtoto asiyejua kuandika, maana hati yake ilikuwa safi na hakuna herufi iliyopotea. Mimi nasoma maneno kumi, yeye anaandika mengine kumi, yake mwenyewe. Nimesema ndizi, ameandika shule. Nimesema mlango, ameandika kuku.

Nilimpelekea malalamiko mwalimu wa hesabu, mtu wa bara, mwenye kusema kwa kinywa kipana kana kwamba anaita ng'ombe ng'ambo ya bonde.

"Huyo?" akashangaa. "Huyo kwangu ni wa pili darasani."

"Hakukazii macho?"

"Ananikazia sana. Mimi nafurahi, mwalimu. Angalau mmoja ananisikiliza."

Hapo ndipo ugonjwa wangu wa zamani ukaamka. Mtoto hawezi kuwa wa pili asubuhi na mjinga mchana. Nikaanza kumchunguza, na nyuma ya daftari la mahudhurio nikawa naandika niliyoyaona. Kengele ikilia, hasimami mpaka jirani yake asimame. Wakiimba, midomo yake inachelewa. Wenzake wakicheza kibe, mchezo wa kujificha na kutafutana, yeye anakaa chini ya ukuta na kuwatazama. Nilidhani ana njaa, nikampa maandazi. Akala, akashukuru, akapata sifuri. Nilidhani halali usiku. Nilidhani ananiogopa mimi, na wazo hilo lilinikera kwa sababu najiona mpole, ingawa watoto wangu nyumbani wana maoni mengine.

Jibu nililipata kwa sababu ya mvua.

Kifua changu hakipatani na vumbi la chaki. Tangu nianze ualimu nina mazoea ya kuivuta pembe ya mtandio nikafunika pua na mdomo kila niwapo ubaoni, na nikisomesha huiacha hapohapo hadi kipindi kiishe. Sijui hata ninapofanya, kama mtu asivyojua anavyopepesa macho. Ijumaa moja mvua ilinikamata njiani, mtandio ukaloa chapachapa, nikauanika dirishani na kujitanda kile kitambaa kidogo ninachovaa chini yake, kisichofika popote. Nikasoma imla huku nakohoa, mdomo wazi. Niliposahihisha, msichana wangu alikuwa amepata manane.

Dhana yangu ya kwanza haikuwa nzuri. Nilisema amenakili kwa jirani. Jumatatu nikamhamishia dawati la peke yake karibu na meza yangu, nikasoma maneno mengine kumi, mtandio ukiwa mkavu na umerudi mahali pake. Sifuri. Nikafurahi kama askari aliyemkamata mwizi, kisha furaha ikaniishia, kwa sababu nilipoinama kumrudishia daftari nilimwona anakitazama kitambaa kilichokuwa mdomoni mwangu. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anakitazama kitambaa, kwa uso wa mtu aliyefika dukani akakuta pamefungwa.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Asubuhi nikaingia darasani, nikaushusha mtandio hadi kidevuni.

"Toeni madaftari. Maneno matano."

Kisha nikatamka neno la kwanza bila sauti. Midomo tu, polepole, bila hata pumzi ya kusikika.

Watoto wakatazamana. Nikatamka la pili.

"Mwalimu, hatusikii!"

"Mwalimu amekaukiwa na sauti!"

Kicheko kikaenea darasa zima, mmoja akaanza kuniigiza kwa kupanua kinywa kama samaki wa mtegoni. Sikuwakataza. Nilikuwa naliangalia dawati lililokuwa karibu nami. Penseli moja ilikuwa inaandika. Msichana aliinua uso, akanitazama mdomoni, akainama, akaandika. Akainua tena. Hakujua kwamba darasa linacheka, na hakuna aliyemwambia kuwa neno lile halikuwa na sauti. Kwake lilikuwa sawa na maneno mengine yote.

Kati ya matano alipata matatu. Niliposema pata, yeye aliandika bata. Jioni nilisimama mbele ya kioo, nikayatamka yote mawili bila sauti, mara kumi au zaidi, na midomo yangu haikuonyesha tofauti yoyote. Nilicheka peke yangu kwa mshangao. Kisha nikakumbuka mkono wangu ulivyokiinamisha kichwa chake pale barabarani, na kicheko kikakatika. Niseme wazi kwamba niliona aibu, na bado naiona. Mtoto alikuwa amenikaribia kadiri awezavyo ili anielewe, mimi nikamwambia atazame chini.

Nilimweleza mwalimu mkuu. Alikaa akiizungusha kalamu.

"Kwa hiyo ile firimbi..."

"Kwake ni mwanamke aliyevimbisha mashavu tu," nikamwambia.

Ya kuhama hakuyataja tena. Aliagiza avushwe barabara akiwa ameshikwa mkono na mwenzake, asubuhi na jioni, na walimu wote wamgeukie wanaposomesha. Halafu akaniambia nimwite mzazi.

Mama yake alikuja kesho yake, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, vidole vyake vimechanika kwa kushona makuti ya kuezekea. "Shikamoo, mwalimu," alisema, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba akaendelea, "Najua ulichoniitia. Ni mkaidi. Hata kwangu nyumbani hasemezeki. Wewe mchape tu, mimi nimekupa ruhusa."

"Sikukuita kwa kuchapa," nikasema. "Twende hospitali."

Akaniangalia kama niliyepungukiwa na akili, lakini akaja. Siku ile tulingoja mpaka adhuhuri. Mhudumu wa masikio alikuwa kijana mwenye subira, akamwingizia msichana kijitochi sikio moja baada ya jingine, akamvisha vile vidude vya kusikilizia, akamwambia ainue mkono kila anaposikia mlio. Mkono uliinuka mara chache mno. Mama yake alikuwa akiutazama mkono ule, na kila ukikaa chini kwa muda mrefu alisogea mbele kwenye kiti, kana kwamba angeweza kuuinua yeye.

"Alipokuwa mdogo, masikio yalitoa usaha?" mhudumu aliuliza.

"Yalitoa, kabla hajatembea vizuri. Nikatia mafuta ya nazi ya vuguvugu. Yakakauka, nikamshukuru Mungu."

Mhudumu hakumlaumu. Alieleza kwamba ngozi ya ndani ya masikio ilitoboka zamani, kwamba la kulia halisikii tena, na la kushoto linasikia sauti kubwa ya karibu. Akaandika karatasi ya kwenda kwenye vipimo zaidi. Kisha akaliweka faili kando, nami nikaona naye ana udadisi.

"Nani alimfunza kusoma midomo?"

Tukatazamana, mama na mimi. Hakuna.

"Basi amejifunza mwenyewe," akasema. "Ana akili huyu. Ila lazima aone uso wa anayesema naye. Asipouona, hamkumwambia kitu."

Tulitoka tukakaa kwenye benchi la barazani kungoja dawa, mtoto katikati yetu akichezesha miguu, mamake upande wa sikio la kulia. Mama akawa anaikunja na kuikunjua ile karatasi ya vipimo. Nilidhani anawazia safari ya vipimo, ilivyo mbali. Kumbe sivyo.

"Mwalimu, amesema uso? Kila anaposemeshwa?"

"Kila anaposemeshwa."

"Mimi namfinya," akasema. Akauonyesha mkono wa mtoto, juu kidogo ya kiwiko. "Hapa. Tangu alipokuwa mdogo, kila akinikazia macho namfinya hapa. Nilitaka awe na adabu, watu wasinisengenye kuwa nimezaa mtoto asiye na haya. Akashika. Sasa kwangu hainui macho hata nikimwita mara tatu. Halafu namtuma maji, analeta kuni, nampiga kwa ukaidi."

Nikamwambia kwamba mimi nilikiinamisha kichwa chake kwa mkono huu huu, barabarani, mbele ya watoto wenzake. Sikusema hivyo ili kumpunguzia. Nilitaka ajue tu kwamba hakuwa peke yake. Sijui kama alinisikia, maana alikuwa ameshamgeukia binti yake.

"Mwanangu, nitazame," akasema.

Msichana alikuwa ametazama sakafu, kama alivyokuwa kila anapokaa karibu na mamake.

"Nitazame, mama. Kuanzia leo nimekuruhusu. Unitazame usoni ninaposema nawe, sitakufinya tena. Wasikia? Nitazame." Sauti ilikuwa imepanda na kukatika, watu waliokuwa foleni wakageuka wote kutuangalia.

Mtoto hakugeuka. Aliendelea kuitazama saruji, mikono mapajani, kwa adabu yote aliyofunzwa.