Mshika Bendera na Nyumba ya Magurudumu

Darasa la nne alilikimbia kabla halijaisha, na mpaka leo anasema darasa ndilo lililopata hasara. Barabarani anaitwa Bendera, kwa sababu miaka kumi na minane alishika bendera kwenye kazi za ujenzi wa barabara. Nyekundu, simama. Kijani, pita. Ukimwambia hiyo nayo ni kazi, anakuangalia kuanzia viatuni.

"Wewe umewahi kusimamisha waziri?" anauliza. "Mimi nimemsimamisha, king'ora kinalia, na akasubiri mpaka greda ligeuze. Wewe hata mbuzi hasimami."

Na si majigambo matupu. Vumbi amekula, matusi ya madereva amekula, jua limempiga mpaka shingo ikawa na rangi mbili, lakini nyuma ya bendera yake hakugongwa mtu hata mmoja. Hilo analisema taratibu, bila mzaha. Halafu anarudi kwenye mzaha.

Mumewe, Baba Mapacha, ni fundi wa kunyoosha bodi za magari. Mkewe alipostaafu, alimtengenezea tela la kulala kutoka bodi la gari bovu la mkate: vitanda viwili, kabati, jiko la gesi, mapazia mekundu. Nje akapiga rangi ya majivu, tabaka nne, laini mpaka unaweza kujitazamia ukinyoa ndevu. Bendera akataka vibandikwe vile vibandiko vinavyong'aa vikimulikwa, nyuma na pembeni.

"Nimepiga rangi siku tisa, halafu nilibandike plasta kama mgonjwa?"

"Rangi ya majivu hii, Baba Mapacha. Siku ya ukungu hatutajua ukungu uko wapi na tela liko wapi."

"Wivu tu huo."

Safari ya kwanza walikuwa watatu, wao wawili na mama yake mume, bibi mwenye nyonga mbovu na ulimi mzima, wakimpeleka kwa binti yake. Pikapu mbele, tela nyuma. Siku ya tatu asubuhi, kwenye mteremko wa mlima, ukungu mzito na manyunyu, tairi la tela likapasuka. Mume akavuta pembeni, lakini pembeni penyewe palikuwa pembamba, nusu ya tela ikabaki kwenye lami. Na walikuwa wametoka tu kwenye kona.

Mama mkwe akasema mguu umekufa ganzi, akashuka kwenye pikapu, akaingia kwenye tela kujinyoosha. Mume akawasha taa za hatari, akatoa ile pembetatu nyekundu, akaisimamisha hatua tatu nyuma ya tela, akajipangusa mikono.

"Umemaliza?" Bendera akamuuliza.

"Nimemaliza. Taa zinawaka, pembetatu ipo."

"Hiyo pembetatu inamwonya sisimizi. Njoo huku nyuma uniambie hizo taa unaziona wapi."

Mume akaja. Hakuna kitu. Tela lilikuwa pana kuliko pikapu, limezifunika taa zote, na waya wa taa za tela lenyewe alikuwa ameunganisha za breki tu, nyingine akasema atamalizia wakirudi. Akakuna kichwa.

Bendera hakumsimanga. Alishakwenda mlangoni. "Mama, shuka."

"Kwenye mvua hii? Na nyonga yangu?"

"Ukishuka utabaki nayo."

"Mkwe, hapa si kazini kwenu kwa kupunga vitambaa. Niache nijinyooshe."

Kabla hajajibiwa, lori likatokea kwenye kona likipiga honi, likawapita karibu mpaka tela zima likayumba na sufuria zikaanguka kabatini. Kisha mama mkwe akasema, "Nipe mkono."

Walimvusha kile chuma cha kingo za barabara, wakampandisha juu kwenye kilima, wakamkalisha kwenye godoro na turubai kichwani. Mume akaweka mawe nyuma ya matairi. Bendera akavaa kizibao chake cha kazini kinachong'aa, ambacho siku ya kustaafu alisahau kukirudisha stoo, na naomba asiulizwe. Akatundika filimbi yake ya kazini shingoni, akavuta pazia moja jekundu, akalifunga kwenye mpini wa ufagio. Mume akaguna.

"Hilo pazia nililishona kwa mkono."

"Leo limepata kazi. Sasa sikiliza. Ukisikia filimbi mara mbili, acha jeki, acha spana, ruka chuma. Usigeuke kutazama. Tela utajenga lingine. Mimi kumzoea mume mwingine, muda huo sina."

Akaibeba pembetatu, akapanda nayo nje ya kingo, uso ukitazama magari yanakotoka. Akaipita kona yote, hatua mia na hamsini, hadi pale barabara iliponyooka, maana dereva lazima aonywe kabla ya kona, si akishaingia. Akaiweka. Mwenyewe akasimama nje ya lami, penye nafasi ya kurukia.

Bendera haipungwi kama unafukuza nzi. Inashuka polepole, kutoka begani mpaka gotini, dereva aone mtu mwenye akili zake. Lori la saruji likapunguza mwendo, dereva akatoa kichwa.

"Mama, mapazia bei gani?"

"Bure. Shuka gia, kuna nyumba barabarani."

Akacheka, akashuka gia, akapita kama anapita msibani.

Lililofuata hakulisikia injini. Alisikia matairi tu yakifyonza maji, yakija mbio. Sauti hiyo anaijua. Dereva ameweka nyutro mteremkoni, anaokoa mafuta. Akashusha pazia mara moja, mara ya pili, akapuliza filimbi mara mbili kwa pumzi zote, akaruka nyuma.

Lori la mchanga. Dereva aliona wekundu, akakanyaga breki. Likaiponda pembetatu, likateleza likaingia konani, breki zikilia mlio mrefu ambao Bendera alidhani hautaisha. Ukaisha. Hakusikia kishindo, lakini hakuamini masikio yake. Akakimbia, mama wa miaka hamsini na nane, ufagio mkononi.

Lori limesimama. Kutoka pua yake mpaka mkia wa tela, mtu angeweza kuvuka kwa hatua mbili. Spana iko chini kwenye lami. Mume hayupo.

"Baba Mapacha."

Kichwa kikachomoza nyuma ya chuma. "Niko hapa. Niliruka kama ulivyosema. Suruali ndiyo haikuwahi."

Bendera akaokota spana, akamrudishia. Dereva wa mchanga naye akateremka, akakaa kwenye kidato cha lori lake.

"Bila lile pazia," akasema, "saa hizi ningekuwa nimewaua watu."

"Si pazia, kijana." Sauti ilitoka juu kilimani, chini ya turubai. "Pazia lilikuwa linaning'inia dirishani siku tatu, halikumsimamisha mtu. Ni huyo aliyelishika. Mkwe wangu huyo. Miaka kumi na minane kazini. Msalimie vizuri."

"Shikamoo, mama," dereva akamwambia Bendera.

"Marahaba. Washa taa zako za hatari zote, wewe ndiye mkia wetu sasa. Na pembetatu yako nipe, yangu umeifanya chapati. Kwenye nyutro hatutazungumza, aibu inakutosha."

Dereva akampa kwa mikono miwili. Bendera akamwambia mumewe arudi kwenye tairi, masikio yabaki juu, akaanza kupanda tena kuelekea kona, kizibao kiking'aa, hana haraka, mabega yamekaa kama ya mtu anayesubiriwa.

Mama mkwe akamwita mwanawe. "Acha hilo jeki kidogo. Nigeuze upande ule."

"Kuna nini upande ule, mama?"

"Nataka nimwone anavyofanya kazi."