Chai ya Mgeni wa Ayeyo

Garissa, Jumatano. Miezi mitano na siku tatu tangu nitoke Kitui.

Leo nimemimina chai mbele ya kiti kitupu na kusema "karibu."

Msicheke kwanza, ninyi wa nyumbani.

Mnajua huku mimi ni keateka. Kazi yangu ni geti, tangi la maji na mbuzi. Mwenye nyumba ni bibi mgonjwa, tunamwita Ayeyo, yaani nyanya kwa Kisomali. Halima ndiye keagiva, wa kumlisha na kumwogesha. Aliniambia siku ya kwanza, "Wewe chunga ukuta, mimi nachunga mtu."

Asubuhi Halima amefunga mizigo yake akaenda. Anasema anaogopa. Ayeyo hajala wala kunywa tangu juzi.

Nikaingia na birika mwenyewe.

"Mpe mgeni kwanza," Ayeyo akasema.

"Mgeni yupi, Ayeyo?"

Akanyoosha kidole kitini. "Amekuja juzi. Nyinyi watu hamna adabu?"

Huku mgeni asipopewa, mwenyeji hanywi. Basi nikammiminia, nikamkaribisha.

Ayeyo akanywa vikombe viwili, akalala.

Nilipogeuka kutoa vyombo, kikombe cha pale kitini kilikuwa nusu. Mlango nilikuwa nimeufunga, mbuzi wasiingie.

Nikakijaza tena.

Mngekuwa ninyi mngefanya nini? Semeni ukweli.

Jumamosi siji tena huko Kitui kama nilivyowaahidi. Mwana wa Ayeyo yuko Elwak na ngamia wake, atarudi mwisho wa mwezi. Nikishamkabidhi mama yake akiwa hai, nitapanda basi siku hiyo hiyo. Mpaka hapo nahudumia wawili.