Kidonge cha Kumkabili Mama Mkwe

Kinyozi waliyemwita Wembe alikuwa na ulimi mkali akiwa kazini, lakini akishavuka kizingiti cha nyumbani ulimi wote ulikuwa butu. Mama mkwe wake alikuja kusaidia kulea mtoto mchanga. Mtoto sasa yuko darasa la tatu, na bibi bado yuko palepale sebuleni, rimoti mkononi. Kila Wembe alipotaka kugusia habari ya kurudi kwake, moyo ulimwenda mbio, akaishia kumuuliza kama chai imekolea sukari.

Mteja wake mmoja alikuwa daktari mtafiti wa moyo, naye alikuwa akitafuta watu wenye afya wa kujaribia dawa.

"Ukishtuka, mwili unamwaga adrenalini," alieleza, povu limemfika masikioni. "Inakwenda kugonga vipokezi, kama vile milango midogo. Kuna ya moyoni, kuna ya kwenye misuli. Kidonge chetu kinafunga ile ya moyoni tu, ndipo tujue upi unafanya kazi gani."

"Yaani nikiogopa, moyo hautakwenda mbio?"

"Si kama kawaida yako."

Wembe alikubali kabla hajamaliza kumnyoa.

Siku ilipofika alimeza kidonge, akabandikwa kifuani kifaa cha kurekodi mapigo, akaruhusiwa kwenda zake. Alikwenda moja kwa moja sebuleni, akapewa chai, akaketi. Moyo ulikuwa umetulia tuli.

"Mama," alisema, sauti imenyooka, "tunakushukuru kwa yote. Ila naona sasa ungerudi kwako ukapumzike."

Mama mkwe alizima televisheni, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Akamkagua juu mpaka chini, macho yakakwama mikononi. Kikombe kilikuwa kinagonga kisahani, na chai nusu ilishahamia kwenye suruali.

"Mwanangu, unaumwa! Na hizo nyaya kifuani? Kumbe mnanificha! Niondoke nimwachie nani mgonjwa?"

Akamlaza, akamfunika mablanketi mawili.

Wembe aliporudisha kifaa, daktari alichekelea. "Mapigo tulivu! Na mikono?"

"Ilitetemeka kama ya mwizi."

"Safi! Mlango wa moyo tuliufunga, wa misuli tukauacha wazi. Ndicho tulichotaka!"

"Mimi sicho nilichotaka."

"Basi tunacho kingine, kinafunga yote."

"Hakiliwi!" alidakia mama mkwe, aliyekuwa amemsindikiza. "Mkwe wangu ni huyu mmoja tu."

Wembe alijisikia vizuri ajabu kusikia hivyo, ingawa hilo hakumwambia mkewe.