Lugha Iliyokatazwa Mezani

Nilipoajiriwa katika ile nyumba ya mtaa wa Al Twar, kazi yangu ilikuwa kumtunza mama yake madam, mwanamke mzee aliyevunjika nyonga na asiyeweza tena kutembea. Mimi ni mtu wa Tanga, na kabla ya hapo nilikuwa nikifanya usafi hotelini. Madam alikuwa mtu wa Ukraine. Mumewe, sir, alikuwa Mrusi. Walikutana chuoni wakiwa vijana, wakaoana, wakaja Dubai kufanya biashara ya vipuri. Hawakujaliwa mtoto.

Nyumbani walizungumza Kirusi. Mama mtu alikijua pia, maana alikua wakati nchi zao zote zikitawaliwa kutoka Moscow. Mimi aliniongelesha kwa Kiingereza. Alikuwa amekifundisha shuleni maisha yake yote, na hakuacha kunisahihisha hata nikiwa nimemshika kwapani namwingiza bafuni. Siku za mwanzo aliniuliza kwetu mwanamke mzee huitwaje. Nikamwambia, "Bibi." Akalirudia lile neno mara kadhaa, kisha akasema basi nimwite hivyo.

Hakuwa mpole. Supu ilikuwa na chumvi nyingi, mto ulikuwa mgumu, mimi nilikuwa mzembe. Ila baada ya chakula cha mchana, nikimkanda miguu karibu na dirisha, ulimi wake ulilainika. Ndege zinazotua uwanjani hupita chini sana pale Al Twar, na kila moja ilipopita alishika mkono wa kiti mpaka mngurumo uishe. Vita vya kwao, kati ya Urusi na Ukraine, vilikuwa vimeshaanza.

Hadithi zake zilikuwa za babu yake aliyemlea. Mzee huyo alikuwa mtangazaji wa treni katika mji wao, enzi za dola la Austria na Hungaria. Lilikuwa dola kubwa la Ulaya, alinieleza, lenye mfalme mmoja mzee na makabila yasiyoelewana lugha. Babu yake alisimama kwenye jukwaa la stesheni na kofia yake, akatangaza treni inakwenda wapi kwa Kijerumani, halafu kwa Kiukraine, halafu kwa Kiromania. Yeye mwenyewe lugha yake ya kuzaliwa ilikuwa Kijerumani. Ya mkewe ilikuwa Kiukraine.

"Watu walikuwa wanapendana?" niliuliza.

"Nani amekwambia? Walisengenyana, walipunjana sokoni, walicheka jinsi wenzao wanavyotamka. Lakini walipanda treni moja."

Kisha, alisema, vijana wakaanza kuguna jukwaani. Mzee akitangaza kwa Kiromania, huku wanaguna. Akitangaza kwa Kiukraine, kule wanapiga miluzi. Kwaya ya mji ikagawanyika, kila lugha na kwaya yake. Wazimamoto nao wakagawanyika. Siku moja ghala la nafaka liliwaka, na vikosi viwili vilifika vikabaki kubishana ni nani awaamrishe wengine, ghala likateketea wakitazama.

Alipofika hapo nilicheka. Yeye hakucheka.

Wakati huo nyumba ya Al Twar bado ilikuwa imejishikilia. Televisheni haikuwashwa wakati wa kula. Madam alizungumza na ndugu zake chumbani, mlango umefungwa; sir alizungumza na wa kwao garini. Mezani waliongea kuhusu mzigo bandarini na joto la nje. Nilidhani ni adabu tu ya watu wenye nafasi. Baadaye nilielewa kwamba walikuwa wanapita kama mtu anayepita jirani na mbwa aliyelala.

Kisha habari ikaja kwamba mtoto wa kaka yake madam, kijana aliyekuwa jeshini, hajulikani alipo. Madam alishinda siku nzima ameketi ngazini na simu mapajani. Sir alimletea maji, akakaa ngazi ya chini yake. Nilipopita na nguo za kufua niliona amemshika kifundo cha mguu.

Siku iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana, sir aliomba mkate. Alisema tu, "Nipe mkate," kwa Kirusi, kama alivyosema kila siku. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Bibi nikimkatia nyama.

Madam akaweka uma chini. Alimjibu kwa Kiingereza, ndiyo maana nilielewa.

"Usiseme lugha hiyo mezani kwangu."

Sir alimgeukia. "Ndiyo lugha tuliyofungia ndoa," akasema, naye kwa Kiingereza.

"Najua."

"Unataka nikuombe mkate kwa lugha gani?"

Bibi aliunyoosha mkono wake, akachukua mkate, akampa mkwewe. Lakini sir alikuwa ameshainuka.

Kuanzia siku hiyo nilipakua chakula kwa zamu. Sir alihamia chumba cha juu alichokuwa akikitumia kama ofisi. Maneno yao yalipitia kwangu: mwambie sir fundi wa kiyoyozi amekuja, mwambie madam natoka. Bibi alisikia yote. Aliacha kulalamikia supu, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi.

Alasiri moja nilipoanza kumkanda aliniuliza, "Nilikusimulia kuhusu vita vya babu yangu?"

Nikasema hapana.

Akaniambia kwamba Vita vya Kwanza vya Dunia vilipotangazwa, wanajeshi wa mfalme walipita stesheni ile wamevaa maua kofiani, kila behewa likiimba kwa lugha yake, na babu yake akawatangazia njia kwa lugha zote tatu huku analia kwa furaha. Aliamini sasa ugomvi umekwisha, wana adui mmoja. Lakini adui alikuwa Mrusi, na Kiukraine kinafanana na Kirusi. Warusi waliuteka mji, wakafukuzwa, na wanajeshi wa mfalme waliporudi walianza kuwatafuta wasaliti. Walikuja mpaka nyumba ya shemeji yake, kaka wa mkewe, mfuga nyuki. Walimsikia akiongea na mbwa wake. Wakasema hiyo ni lugha ya adui.

"Walimnyonga kwenye mti karibu na barabara," Bibi alisema. "Wanajeshi wa mfalme wetu wenyewe. Alikuwa na picha ya mfalme ukutani mwake."

Niliendelea kumkanda.

"Bibi yangu hakumsemesha mumewe kwa Kijerumani tena. Maisha yake yote. Na mzee hakuwa amefanya lolote, unaelewa? Alikuwa anatangaza treni."

Ndege ikapita. Safari hii hakushika kiti.

"Na ule mwisho wa dola," alisema, "haukuwa na kelele. Askari walirudi wamekaa juu ya paa za mabehewa, wana njaa, kila mmoja anakwenda nchi ambayo juzi haikuwepo. Walikuwa wanabandua nembo za mfalme kofiani na kuzitupa relini. Mji wetu ukawa wa Romania, na mwezi uliofuata mkuu mpya wa stesheni alimwambia babu yangu kuanzia leo ni Kiromania tu. Alijaribu. Watu walimcheka matamshi. Khalas." Hilo neno la Kiarabu, yaani imekwisha, alikuwa amelidaka kwa dereva wao.

Jumapili yangu ya mapumziko nilikwenda mtaa wa Al Rigga, kwenye chumba cha rafiki zangu, Mkenya mmoja anayefanya kazi mgahawani na Mganda ambaye ni mlinzi. Tulizoea kupika ugali pamoja. Wiki ile Wakenya na Watanzania walikuwa wakitukanana mitandaoni, na rafiki yangu Mkenya alikuwa ameishika simu anacheka peke yake.

"Si mnaona hawa watu wenu wanasema nini?" aliniuliza. "Nyinyi Wabongo mna shida, walai."

Ulikuwa utani. Siku nyingine ningemjibu Kiswahili chake kinahitaji fundi, tukacheka. Siku hiyo nilisikia lile "nyinyi" tu. Mganda alisema, "Mwache bwana, tule." Tukala. Ila niligundua tulikuwa tunachagua maneno, na nilirudi Al Twar mapema kuliko kawaida.

Sir aliondoka asubuhi, wiki chache baadaye. Alikuwa na masanduku mawili. Bibi aliniamuru nimsukume mpaka mlangoni, na magurudumu ya kiti yakakwama kwenye zulia, nikahangaika nayo huku ananihimiza, "Yalla, yalla." Tulipofika, sir alipiga magoti mbele ya kiti. Bibi alimshika mashavu akamwambia maneno marefu kwa Kirusi, polepole, kwa sauti ambayo nyumba nzima ingesikia. Sikuelewa hata neno. Sir aliitikia kwa kichwa tu, kama mtoto anayeagizwa dukani.

Madam alikuwa amesimama jikoni. Nilimwona kupitia mlango uliokuwa wazi nusu. Alikuwa ameziba mdomo kwa taulo la vyombo, mabega yanamtikisika, lakini hakutoka. Gari lilipoondoka alifungua bomba la maji na kuosha sufuria ambayo nilikuwa nimeshaiosha.

Mwenye nyumba alipotaka nyumba yake, madam aliamua kuhamia na mama yake Austria, kwa binamu yao. Niliwafungia mizigo. Kwenye uwanja wa ndege Bibi alinisahihisha Kiingereza kwa mara ya mwisho, kisha akauficha uso wake begani mwangu.

Alinipigia mara moja tangu hapo. Nilikuwa kwa mwajiri mpya, natandika vitanda. Alisema binamu anawatunza vizuri, ila mjukuu wake aliyepotea vitani bado hajapatikana, na sir hapokei simu za mtu. Sauti yake ilikuwa imepungua. Siku moja kliniki, alisema, alikuwa akizungumza na bintiye kwa Kiukraine wakisubiri daktari, na mwanamume aliyeketi mbele yao akawaambia kwa Kijerumani kwamba nchi hii ina lugha yake, kama hawaitaki warudi kwao.

"Uliogopa, Bibi?"

"Yeye hapana, hakunitisha," alisema. "Niliwatazama wale wengine. Chumba kilikuwa kimejaa. Wote waliinamia simu zao."

Nikasikia madam anamwita kwa nyuma, na simu ikakatika. Nilisubiri apige tena, nimeshika shuka mkononi.